Seli zilezile, sura nyingine: jinsi limfoma ilivyokwepa kingamwili pale Stanford

Mwaka 1981 pale Chuo Kikuu cha Stanford, California, timu ya daktari Ronald Levy ilimtundikia dripu mgonjwa wa limfoma, kansa ya seli za kinga inayovimbisha tezi, ambaye dawa za kawaida zilikuwa zimeshagoma kwake. Kwenye ile dripu kulikuwa na kingamwili, protini ya kinga inayonasa umbo moja maalumu, iliyotengenezwa kwa ajili yake yeye tu, yaani ungempa mgonjwa mwingine yeyote isingemsaidia chochote. Tezi zikanywea, ugonjwa ukapotea, na Machi 1982 ripoti ikatoka kwenye New England Journal of Medicine. Hicho ndo kisa kinachosimuliwa kila mahali kikizungumziwa chanzo cha tiba ya kingamwili kwenye kansa, na kinastahili kabisa. Ila mi nataka tukae zaidi na wale waliofuata baada yake, wale ambao tezi zilinywea halafu zikarudi, kwa sababu kwenye damu na vinyama vyao, yaani vipande vidogo vya tezi vinavyokatwa kwa ajili ya kupima, ndo tulipojifunzia kwa nini limfoma inaacha kusikia hii dawa.

Tuanze na dawa yenyewe maana bila kuielewa hutoelewa ilikwepwaje. Kila seli B (aina ya seli nyeupe za kinga) ya mwilini inabeba juu ya ngozi yake kingamwili yake mwenyewe, na ncha ya hiyo kingamwili ina umbo lake la pekee, wataalamu wanaliita idiotaipu. Una mamilioni ya seli B na maumbo chungu nzima. Sasa limfoma nyingi za seli B zinaanza na seli moja iliyoharibika ikazaa, ikazaa tena, kwa hiyo wale watoto wote wanabeba idiotaipu moja ya mzazi wao. Levy akaona hapo ndo pa kushika: tengeneza kingamwili ya panya inayonasa hilo umbo tu, utaigusa kansa peke yake na seli zote zenye afya utaziacha. Njia ya kutengeneza kingamwili ya aina moja kwa wingi ilikuwepo tayari, Georges Köhler na César Milstein waliigundua Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Shida ni kwamba kila mgonjwa alihitaji dawa yake ya kuanzia sifuri, wachukue kinyama chake, watafute umbo, wachanje panya, wachuje, wapime, kazi ya miezi, na huyo mgonjwa anasubiri huku tezi zinavimba.

Na walifanya hivyo, mgonjwa mmoja mmoja, kwa miaka mingi. Walipokuja kutoa hesabu mwaka 1998 walikuwa wameshatibu watu 45, wengine kwa kingamwili peke yake na wengine wakiongezewa dawa nyingine. Kama theluthi mbili walipata nafuu ya kuonekana, lakini waliosafika kabisa walikuwa asilimia 18 tu. Wengi nafuu yao ilikuwa nusunusu, tezi inapungua, inatulia, halafu inaanza tena.

Hapo ndo swali linapoanza, na nawapenda hawa watu kwa sababu hawakuishia kusema "dawa imegoma". Walirudi kwenye tezi iliyovimba upya, wakachukua kinyama kingine, wakakipeleka maabara na kukilinganisha na cha mwanzo. Matokeo yakatoka 1985. Seli za kansa zilikuwepo, zimejaa, na kila moja imebeba kingamwili yake juu kama kawaida, ila ile dawa ya panya ukiimwaga juu yake haishiki. Inapita tu. Mtu angeweza kusema basi hii ni kansa mpya, mgonjwa kapata bahati mbaya mara ya pili, lakini walipoangalia jinsi jeni za kingamwili zilivyopangwa wakakuta mpangilio ni uleule wa mwanzo, yaani ni ukoo uleule, watoto wa mzazi yuleyule. Kilichobadilika ni herufi chache za DNA kwenye lile eneo linalotengeneza ncha. Herufi chache tu, umbo likapinda kidogo, dawa iliyotengenezwa kwa miezi ikakosa pa kushika.

Ukiifikiria sana inauma, lakini ina mantiki yake. Limfoma ya folikula, aina inayokua polepole, inatokana na seli B za kwenye vituo vya ndani ya tezi ambako kazi yao ya kila siku, hata kwa mtu mzima wa afya, ni kubadilisha herufi za jeni ya kingamwili ili kupata umbo linalonasa vimelea vizuri zaidi. Kimeng'enya kinachofanya hiyo kazi, AID, Tasuku Honjo na wenzake wa Kyoto walikuja kukitambua mwaka 1999. Kwa hiyo Levy alikuwa amechagua kushika sehemu ambayo seli hizi zinaibadilisha kwa asili yao, haijalishi kuna dawa au hakuna. Dawa haikuleta mabadiliko, hili watu wengi wanalichanganya, wanadhani kansa "imejifunza" dawa. Hapana. Kwenye mabilioni ya seli tayari kulikuwa na chache zenye umbo lililopinda, hazikuwa na faida yoyote mpaka dripu ilipotundikwa, zikauawa za aina ya kwanza na hizi zikabaki na uwanja mzima peke yao.

Kulikuwa na somo jingine kutoka upande wa pili wa Marekani, Boston, Taasisi ya Sidney Farber, na lilitangulia kidogo. Lee Nadler na wenzake waliripoti mwaka 1980 mgonjwa wa limfoma waliyempa kingamwili ya panya waliyoiita Ab 89. Baada ya kila dozi seli za kansa kwenye damu zilipungua kwa muda, zikaonekana zilizokufa, halafu zikapanda tena. Sababu mojawapo waliyoikuta: kile kitu ambacho kingamwili ilitakiwa kukinasa kilikuwa kinaelea chenyewe kwenye damu, kimebanduka kutoka kwenye seli, kwa hiyo dawa inaingia mshipani na kuishia kukumbatia vipande vinavyoelea kabla haijaifikia kansa yenyewe. Hata idiotaipu ina tabia hiyohiyo, seli nyingine zinaimwaga kwenye damu.

Kwa hiyo ukiunganisha Boston na Stanford unapata sifa za kitu unachopaswa kukishika: kisiwe kinabadilika badilika, kisiwe kinamwagika kwenye damu, kiwepo kwa wagonjwa wote ili usitengeneze dawa upya kwa kila mtu, na mwili uweze kuishi hata seli zote zenye nacho zikifa. CD20 ilitimiza karibu yote. Ni protini iliyopita kwenye ngozi ya seli B mara nne, sehemu ndogo tu inachomoza nje, haipo kwenye seli mama za uboho wala kwenye seli zinazotengeneza kingamwili za kila siku, kwa hiyo ukizifyeka seli B zote mwili unazalisha nyingine baadaye. Kampuni ya IDEC ya San Diego, ambayo Levy alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ikatengeneza rituksimabu, kingamwili ambayo ncha ni ya panya na mwili uliobaki ni wa binadamu. Novemba 1997 Marekani ikaipitisha. Kwenye utafiti uliofungua mlango walikuwepo wagonjwa 166 wa limfoma za polepole zilizorudi baada ya tiba nyingine, wakapewa dripu nne, moja kila wiki, na asilimia 48 walipata nafuu.

Nusu karibu. Kwa watu ambao kemo ilishawachosha, dripu nne tu, wengi bila nywele kukatika, ile ilikuwa furaha kubwa kwelikweli na sitaki mtu aipunguze. Lakini angalia kilichotokea walipopewa tena wale waliopata nafuu mara ya kwanza na ugonjwa ukarudi: waliopata nafuu kwa mara ya pili walikuwa asilimia 40. Hawa wote walishaonyesha kwamba dawa inawafanyia kazi, halafu sita katika kila kumi haikuwafanyia tena. Kuna kitu kimebadilika katikati hapo.

Stanford wakarudi tena kwenye tabia yao nzuri ya kuchukua kinyama upya. Mwaka 1999 wakaripoti mgonjwa aliyetibiwa kwa kingamwili ya CD20, ugonjwa ukarudi, na tezi mpya ilipopimwa seli za kansa zilikuwa za ukoo uleule ila CD20 haipo. Sio imepinda, haipo. Miaka kumi baadaye timu ya Japani ikaangalia wagonjwa wao waliorudiwa na ugonjwa baada ya rituksimabu, wakaweza kuchukua kinyama upya kwa 19, na kwa watano kati yao, kama robo hivi, CD20 ilikuwa imepotea. Jeni yenyewe, MS4A1, mara nyingi haikuwa imeharibika, ilikuwa imezimwa, na kwenye maabara baadhi ya seli hizo zilirudisha CD20 zilipowekewa dawa inayofungua jeni zilizofungwa. Mabadiliko ya herufi kwenye ile sehemu hasa inayoshikwa na dawa ni nadra kwa limfoma za seli B kubwa, aina inayokua haraka.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa ajili ya wenzangu wa maabara zetu huku Afrika Mashariki, maana hili linatuhusu moja kwa moja. Sehemu nyingi kinyama cha tezi kinapakwa rangi za kutambua protini mbili tu, CD20 na CD3, basi, CD20 ikiwaka ni seli B, CD3 ikiwaka ni seli T. Sasa kinakuja kinyama cha mgonjwa ambaye alipewa rituksimabu mwaka juzi hospitali nyingine, karatasi ya maombi imeandikwa "tezi shingoni" na hakuna zaidi, unapaka CD20, haiwaki. Rahisi sana kuandika kwamba hii sio limfoma ya seli B, na mgonjwa akaanza kutibiwa ugonjwa mwingine. Kwa sampuli kama hiyo inabidi upake alama nyingine ya seli B, CD79a au PAX5, au CD19 kama mashine ya kupima seli ipo, na daktari anayeomba kipimo aandike waziwazi kwenye ile karatasi kwamba mgonjwa ameshawahi kupewa rituksimabu na lini. Mstari mmoja tu. Pia kuna mtego mwingine mdogo, ukipima siku chache baada ya dripu dawa yenyewe inaweza kuwa bado imeikalia CD20 na kipimo cha mashine kikashindwa kuiona, ukadhani imepotea kumbe imefunikwa tu.

Turudi kwenye hesabu. Robo walipoteza CD20, sawa, je wale robo tatu? Wana CD20 yao imetulia palepale, dawa inashika vizuri, na bado seli hazifi. Hili ndo eneo gumu zaidi na ndo lenye wagonjwa wengi.

Ni hivi, kingamwili yenyewe kwa sehemu kubwa sio muuaji. Inashika seli halafu inaita wauaji. Kuna protini za damu zinazoitwa komplimenti ambazo zinatoboa seli iliyowekewa alama, kuna seli NK na makrofaji, zote seli za kinga, ambazo zinashika mkia wa kingamwili kwa kipokezi chao na kuiua au kuila seli iliyonaswa. Mwaka 2000 Raphael Clynes na Jeffrey Ravetch wa New York walionyesha kwamba panya wasio na hivyo vipokezi dawa hii karibu haiwasaidii, hata kama kingamwili ni ileile na kansa ni ileile. Kwa binadamu nako ikaonekana. Kipokezi cha seli NK, CD16, kina aina mbili kutokana na herufi moja tu unayorithi kwa wazazi, aina moja inashika mkia kwa nguvu na nyingine kwa ulegevu. Wafaransa waliangalia wagonjwa 49 wa limfoma ya folikula ambao rituksimabu ndo ilikuwa dawa yao ya kwanza na ya pekee, wale waliorithi aina ya nguvu kwa wazazi wote wawili walipata nafuu wote, asilimia 100, wengine asilimia 67. Wen-Kai Weng na Levy wakakuta mwelekeo huohuo Stanford mwaka 2003. Kwa hiyo kuna "usugu" ambao haupo kwenye kansa kabisa, upo kwenye urithi wa mgonjwa mwenyewe, na kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kansa yake ni kaidi ni kumpa maelezo yasiyo sahihi. Ukichanganya dawa na kemo hiyo tofauti haionekani vizuri, tafiti zimegongana, nadhani kwa sababu kemo inaua kwa njia yake yenyewe na kufunika huo upungufu.

Halafu kuna ishu ya wauaji kuchoka. Ronald Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walifuatilia wagonjwa wa lukemia (kansa ya damu) ya seli B ya muda mrefu, hawa wana seli za kansa nyingi mno zinazoogelea kwenye damu, na walichukua damu mara kwa mara wakati dripu inaendelea na baada yake. Mwanzoni seli zinashuka haraka, inapendeza. Kisha komplimenti inaisha, imetumika yote, na kufikia siku inayofuata seli zinaonekana tena kwenye damu na sehemu kubwa ya CD20 yao haipo. Imeenda wapi ndani ya masaa hayo? Walichogundua ni kwamba seli za kinga zikizidiwa kazi zinaacha kumeza seli nzima, zinang'ata ile sehemu yenye dawa, zinachukua CD20 na kingamwili yake pamoja, na seli ya kansa inaachwa hai bila alama, kama mwizi aliyekamatwa shati akalivua akakimbia na askari akabaki na shati mkononi. Kwa hiyo dozi kubwa kwa mtu mwenye seli nyingi sana inaweza kuivua kansa alama yake yenyewe. Ndo maana wakajaribu dozi ndogondogo za mara kwa mara. Timu ya Southampton, Uingereza, nayo ikaonyesha njia nyingine inayofanana kwa matokeo, seli ya kansa inaivuta dawa ndani pamoja na CD20, na baadhi ya aina nyingine za limfoma, kama ile ya mantel, hufanya hivyo haraka kuliko ile ya folikula.

Nitaje na nadharia moja iliyoshindwa, maana inafundisha. Seli zinajikinga na komplimenti kwa protini kama CD55 na CD59, na maabara ukiziba hizo protini rituksimabu inaua vizuri zaidi, kwa hiyo ilionekana wazi kabisa kwamba wagonjwa wenye CD59 nyingi ndo watakaogoma. Weng na Levy walipima kwa wagonjwa wa folikula, 2001, na kiasi cha hizo protini hakikutabiri chochote, waliopona na waliogoma walikuwa sawa. Wakachapisha hivyohivyo. Kitu kinachofanya kazi kwenye sahani ya maabara kinaweza kisiwe na uzito kwa mtu mwenye tezi halisi, mafuta, mishipa, na ini lake.

Na mwisho wa njia yote hiyo kuna seli ambayo imeshikwa, imepigwa, amri ya kufa imefika na haitii. Limfoma nyingi za folikula zina vipande vya kromosomu 14 na 18 vilivyobadilishana nafasi, na matokeo yake protini ya BCL2 inazalishwa kupita kiasi, kazi yake ni kuzuia seli isife. Usugu wa aina hii unaisumbua kingamwili na kemo kwa pamoja. Nadhani ndo sehemu ya maelezo ya kilichoonekana kwenye utafiti wa CORAL, wa wagonjwa wa limfoma ya seli B kubwa iliyorudi au kugoma: ambao hawakuwahi kupewa rituksimabu kabla walipata nafuu kwa asilimia 83 kwenye tiba ya pili, waliowahi kupewa asilimia 51. Ugonjwa unaorudi baada ya kupitia rituksimabu na kemo kwa pamoja ni ule uliochujwa, umebakiza seli zilizo ngumu zaidi.

Kwa hiyo mtu akikwambia limfoma yake imekuwa sugu kwa kingamwili, bado hujajua kitu. Madaktari kwa kawaida huiita sugu kwa rituksimabu kama haikuleta nafuu au ugonjwa umerudi ndani ya miezi 6, na huo muda una maana kubwa, aliyekaa miaka mitatu amepumzika halafu ikarudi ana nafasi nzuri ya kusikia tena dawa ileile, wa miezi minne sio hivyo. Ukishauangalia huo muda, kinachofuata ni kinyama kipya. Kama CD20 haipo hakuna sababu ya kumtundikia tena dripu ya CD20 ya aina yoyote, hata zile mpya za kushika CD20 upande mmoja na seli T upande wa pili, hapo unatafuta alama nyingine kama CD19. Kama CD20 ipo na walioshindwa ni wauaji, kuna maana kujaribu kingamwili iliyorekebishwa mkia ili seli NK ziishike kwa nguvu, obinutuzumabu imetengenezwa hivyo, na kwa wagonjwa wa limfoma za polepole waliogoma rituksimabu, kuiongeza kwenye kemo ya bendamustini kulirefusha muda wa ugonjwa kutulia ukilinganisha na bendamustini peke yake. Kama seli ndo inakataa kufa unahitaji kitu kinachoua kwa mlango tofauti. Najua kwetu nyingi ya hizi hazipatikani au bei yake inauza shamba, rituksimabu yenyewe imeingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015 na bado familia nyingi zinachangishana dozi kwa dozi, lakini hapohapo ndo umuhimu wa kinyama kipya unapoongezeka, kwa sababu familia ikichanga pesa ya dripu nne za dawa ambayo haina pa kushika, hiyo pesa imekwenda na muda umekwenda.

Kitu kimoja zaidi kutoka ile hesabu ya Stanford ya 1998. Walikuwepo wagonjwa sita waliokaa kwenye nafuu kamili kwa muda mrefu, watano kati yao walikuwa bado wazima miaka mingi baada ya tiba, hawana tezi, hawana dawa. Wakawapima kwa vipimo vikali vinavyoweza kuona seli moja ya kansa katikati ya maelfu ya seli zenye afya, na kwa wengi wao wakazikuta, seli za ukoo uleule zipo mwilini, hazijaisha, ila hazikui. Kwa hiyo hata palipofanikiwa zaidi kingamwili haikumaliza kansa yote, ila ilibaki kitu kinachoizuia isikue, na kati ya wagonjwa 45 ni hao wachache tu waliopata hiyo hali.